Nilimfuata mke wangu Ulaya, Jumamosi ndizo zilizotuokoa

Wiki hii mniwie radhi, siandiki habari za mastaa wala za nani kamwacha nani. Naandika habari zangu mwenyewe. Tangu turudi, kila ninapokutana na washikaji swali ni lilelile: "Kaka, Majuu vipi? Mbona mlikuwa mnakula bata kila wikiendi, mapicha tuliyaona!" Basi leo napasua jipu. Vuta kiti, agiza soda yako baridi, twende pamoja.

Ilivyoanza ni hivi. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Bibie kwa kuwa amenikataza katakata kutaja jina lake gazetini, ni injinia wa maji. Mimi niliishia kidato cha nne, naandika makala za kuungaunga, na wakati huo nilikuwa na bodaboda mbili nimezitoa kwa mkataba. Mwaka 2023 Bibie akapata skolashipu ya kusomea shahada ya pili katika mji wa Delft, Uholanzi. Kule kuna chuo cha mambo ya maji kilichoanza mwaka 1957, na wahandisi wengi wa Kiafrika na Kiasia wamepitia hapo. Bibie akatangulia Oktoba. Mimi nikabaki nahangaika na makaratasi, nikauza bodaboda zote mbili, na Februari 2024 nikakwea pipa.

Kijiweni waliposikia walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yaani mwanamke ndiye anakupeleka Ulaya? Unakwenda kuwa mama wa nyumbani!" Nikawajibu kwa maringo kwamba nikitua tu, wiki mbili nyingi, nitakuwa na kibarua cha maana na mtanisoma kwenye tovuti za Wazungu. Asikwambie mtu, mdomo hauna breki.

Delft ni mji mzuri, huo ndio ukweli. Mitaa imekatwakatwa na mifereji ya maji, nyumba nyembamba zimebanana kama abiria wa daladala la jioni, na kuna kanisa la kale ambalo mnara wake umelala upande. Ukiutazama mara ya kwanza unataka kukimbia, unadhani unadondoka leo, kumbe umesimama hivyo miaka mamia. Ndani ya kanisa hilo kazikwa Vermeer, mchoraji wa ile picha ya msichana mwenye hereni ya lulu. Alizaliwa mjini hapohapo mwaka 1632 na akafa mwaka 1675 akiiacha familia na madeni tele. Niliposoma habari za madeni yake nikamwona ndugu yangu.

Lakini uzuri wa mji hauliwi. Tulikaa kwenye chumba kimoja, kitanda hapa, jiko pale, na meza moja ambayo mchana ni ya kusomea, jioni ni ya kulia. Bibie anatoka asubuhi giza bado, anarudi giza limeingia. Mimi nabaki na kuta nne. Kiholanzi sijui, cheti changu cha kidato cha nne hakuna aliyekitaka hata kukishika. Wiki mbili zikapita, ukapita mwezi. Nikawa napika, nafua, naosha vyombo, nakwenda sokoni Alhamisi pale uwanja wa Markt kutafuta viazi vya bei poa. Yale maneno ya kijiweni yakawa yananirudia kila nikikamata dekio.

Wanaume wenzangu mtanielewa. Mtu ulikuwa unarudi nyumbani na mfuko wa nyama, sasa unamwomba mkeo hela ya kunyoa. Bibie hakuwahi kunisimanga hata siku moja, nisimsingizie. Lakini mwanaume akichacha, hata mkewe akikohoa anaona ni fumbo. Nikawa mkali. Akiuliza "umekula?" mimi nasikia "umekula hela zangu". Tukawa tunalala mgongo kwa mgongo, na kitanda chenyewe cha futi nne!

Jumamosi ya kwanza

Jumamosi moja mwezi Machi, Bibie kaamka, kachemsha mayai manne, kapaka siagi kwenye mikate, kavitia vyote kwenye begi. "Vaa koti, tunatoka," akaniambia. Nikamuuliza hela ziko wapi. Akasema kuna tramu namba 1, inatoka hapohapo Delft, inapita Den Haag na inakufikisha Scheveningen, pwani kabisa.

Bwana wee! Bahari gani ile? Mtu niliyezoea Coco Beach nikajua ninakwenda kukanyaga mchanga wa moto na kununua mihogo. Nikakuta maji ya kijivu kama ya kufulia na upepo unaokuvua kofia. Wazungu wanatembea na mbwa wao, wana furaha ajabu. Tulikula mayai yetu tumejikunyata nyuma ya ukuta, meno yanagongana, halafu Bibie akaanza kucheka. Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu nifike. Kwenye tramu ya kurudi alinilalia begani mpaka Delft.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yetu. Na hapa nikupe siri, kama nawe una safari: kule Uholanzi kuna kadi ya treni inayokupunguzia nauli kwa asilimia 40 siku za wikiendi, na mwenye kadi anaweza kusafiri na mwenzake naye akapata punguzo hilohilo. Tulikata moja, ya Bibie, mimi nikawa abiria wake. Ila usisahau kugonga kadi yako kwenye mashine unapopanda na unaposhuka. Mimi nilisahau mara moja, nikakatwa hela iliyotosha unga wa wiki nzima. Unga wenyewe tulikuwa tunaufuata Den Haag, ambako kuna soko kubwa la wazi. Pale utapata mihogo, bamia na ndizi za kupika mpaka ujisahau kama uko Ulaya.

Jumamosi iliyonifungua macho ilikuwa ya Kinderdijk. Unakwenda Rotterdam kwa treni, mwendo wa robo saa hivi, halafu unapanda boti. Kinderdijk kuna vinu vya upepo 19, vingi vilijengwa mnamo mwaka 1740, na mwaka 1997 UNESCO waliviingiza kwenye urithi wa dunia. Mimi nilidhani vinu ni vya kusagia unga, nikawa nauliza ghala liko wapi. Bibie akanishika mkono kama mwalimu wa chekechea. Akanieleza kwamba karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Vinu vile kazi yake ilikuwa kuchota maji kwenye mashamba na kuyapandisha mtoni, mchana na usiku, ili watu wasifunikwe.

Akaniambia habari ya usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1 mwaka 1953. Bahari ilipasua kingo upande wa kusini magharibi, wakafa watu 1,836 Uholanzi peke yake. Baada ya hapo wakaapa haitatokea tena. Wakajenga mabwawa na malango kwa miaka zaidi ya arobaini. Lango moja liko karibu na Rotterdam, limefunguliwa mwaka 1997, lina milango miwili na kila mmoja una urefu wa meta 210. Desemba 2023, Bibie akiwa kule na mimi bado niko Dar nauza bodaboda, lilijifunga lenyewe kwa mara ya kwanza kwa sababu maji ya bahari yalikuwa yamejaa mno.

Nilinyamaza. Nikaikumbuka Jangwani yetu. Nikakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu juu ya mapaa, halafu familia zikahamishiwa Mabwepande. Nikamtazama Bibie pale kwenye upepo, kitambaa kimemfunika mpaka puani, nikajua kwa nini halali usiku. Mke wangu hakwenda Ulaya kupiga picha. Alikwenda kufuata dawa.

Picha zikatuponza

Mimi sasa, badala ya kukaa na hilo moyoni, nikafanya ushamba. Nikaweka picha ya Kinderdijk kwenye stetasi ya WhatsApp. Mimi na Bibie, vinu nyuma, miwani ya jua, tumepozi. Mayai ya kuchemsha kwenye begi hayaonekani, si unajua tena picha ilivyo mnafiki.

Kabla hatujafika nyumbani simu imejaa. Mshikaji anataka simu mpya. Binamu ana dili la kuku, anakosa laki nane tu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye sikuwahi kujua ana namba yangu, ananikumbusha alivyonibeba mgongoni nikiwa mdogo. Lakini uliotuchoma ni ujumbe wa mdogo wake Bibie, kijana wa chuo: "Shem, naona maisha mazuri huko. Hongereni. Mimi huku ada imenishinda, wiki ijayo tunaanza mitihani, ambaye hajalipa haingii."

Bibie aliusoma mara mbili. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekwambia uweke picha?" Nami nikajibu kwa sauti kubwa. Yakafuata maneno ambayo gazeti hili halitayachapa. Mwisho akasema, "Basi hizi safari zife. Kila nauli tunayolipa, nyumbani kuna mtu analala njaa." Mimi nikasema, na hapa nilisema kweli tupu, "Zikifa hizi Jumamosi, na mimi narudi Bongo."

Kimya. Siku tatu tunaongea kwa "pisha" na "asante" tu.

Siku ya nne Bibie akaja na bahasha tatu za kaki. Ya kwanza kaandika KODI NA MSOSI. Ya pili NYUMBANI. Ya tatu JUMAMOSI. Akasema posho ikiingia inagawanywa hapohapo, na hakuna bahasha kuikopa nyenzake. Bahasha ya NYUMBANI ikiisha, hata akipiga simu nani, jibu ni mwezi ujao. Bahasha ya JUMAMOSI ikiisha, tunatembea kwa miguu pembeni ya mfereji. Na picha kwenye stetasi marufuku. Ada ya shemeji ikalipwa kutoka bahasha ya pili, ikabaki tupu. Ya tatu haikuguswa.

Vijana mnaoanza maisha, hata kama hamwendi popote zaidi ya Kibaha, chukueni hilo la bahasha. Halina hati miliki.

Makopo 432

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu. Bibi yangu mzaa mama ni Mmwera wa Lindi. Tangu nikiwa mtoto alikuwa akinisimulia juu ya mifupa ya mnyama wa ajabu iliyochimbwa na Wajerumani kilima cha Tendaguru ikapelekwa kwao. Wengi mnamjua kwa jina la mjusi wa Tendaguru, hata bungeni wameshamzungumza sana. Yuko Berlin. Nami niko Ulaya, basi la usiku linafika. Nisipomwona, nitamwambia nini bibi?

Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa yuro 130 na ushee. Bahasha ya JUMAMOSI ilikuwa na sabini. Kukopa bahasha nyingine ni mwiko, sheria nimeikubali mwenyewe.

Tarehe 27 Aprili Waholanzi husherehekea siku ya kuzaliwa mfalme wao, Willem-Alexander. Mwaka 2024 iliangukia Jumamosi. Nchi nzima inavaa rangi ya chungwa, watu wanatandaza mitumba barabarani na kuuza, muziki kila kona, na bia inanyweka kama maji ya mgao. Kwa taarifa yako, kule kila kopo la kinywaji lina dhamana ya senti 15. Ukilirudisha kwenye mashine dukani, unapewa hela yako. Waliolewa hawana habari na senti 15, wanadondosha tu.

Niliwatazama dakika kumi. Halafu nikarudi chumbani, nikachukua mifuko mikubwa ya takataka.

Msomaji wangu, mimi ndiye niliyekuwa nawatania waokota makopo pale Kariakoo. Nimewahi hata kuandika makala ya kuchekesha juu yao. Siku hiyo niliinama kwenye mitaa ya Delft tangu saa sita mchana, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, naomba Mungu nisikutane na anayenijua. Mungu ana utani wake. Saa tisa hivi nainua kichwa, nakutana uso kwa uso na darasa zima la Bibie, Waganda, Wanepali, Waethiopia, wamevaa chungwa, na Bibie katikati yao.

Nilitamani mfereji unimeze. Mfuko mkononi unanuka bia, jasho linanitoka. Wenzake wakanisalimia kwa heshima, lakini macho yako kwenye mfuko. Bibie akanitazama kidogo. Akamkabidhi mwenzake mkoba wake, akapandisha mikono ya blauzi, akasema kwa Kiswahili, "Lete mfuko mmoja, upande ule wa kanisa hujafika."

Tuliokota mpaka jua linazama, na kule mwezi wa nne jua linazama kuelekea saa tatu za usiku. Mganda mmoja akajiunga, akidai ni mazoezi ya mwili. Makopo 432. Tulishinda Jumapili na Jumatatu tunaishindilia mashine ya dukani mpaka wenye foleni wakatuchoka. Tulipata yuro 64 na senti 80. Hiyo ndiyo hela ya kwanza niliyoiingiza ndani ya nyumba ile. Niliiweka kwenye bahasha ya JUMAMOSI kwa mkono wangu, na usiku ule nililala nimetazama upande wa mke wangu.

Uso kwa uso na mjusi

Basi la Berlin linaondoka usiku saa tatu na kitu, asubuhi mnafika, shingo zimekakamaa kama mti. Hatukulipia hoteli, tulipanga kurudi usiku uleule. Tukanawa uso stesheni, tukala mikate yetu, tukaenda moja kwa moja kwenye jumba la makumbusho ya viumbe.

Ukipita mlangoni tu, huyo hapo. Urefu wake kwenda juu ni meta 13.27. Unainua kichwa, unainua tena, kofia inadondoka. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, kabla ya Lindi haijaitwa Lindi. Watoto wa Kijerumani wanakimbiakimbia miguuni pake wanapiga kelele. Sisi wawili tumesimama kama tumemkuta ndugu aliyepotea.

Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Kumbuka vita ya Majimaji ilikuwa imemalizika mwaka 1907 tu, watu wa kusini wametoka kuuawa na kufa njaa. Ni watu haohao, mamia, walioajiriwa kuchimba kule porini. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa mizigo mizigo, na wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini. Zaidi ya tani mia mbili! Hakuna lori, hakuna punda. Ikachukua miaka kuiunganisha, na mjusi akasimamishwa mwaka 1937.

Nikampigia bibi simu ya video kupitia kwa binamu yangu. Bibi ana utani wake, huniita mume. Nikageuza simu ili amwone mjusi tangu miguu mpaka kichwa. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha nikamsikia: "Mume wangu, mnyama nimemwona. Na waliombeba je? Nao wamewekwa hapo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia bibi, wapo kwenye vitabu. Akasema, "Haya. Wewe uliyefika hapo, uwataje." Ndiyo maana jina la Boheti bin Amrani limo kwenye ukurasa huu wa mastaa. Bibi, nimetaja.

Tukakaa kwenye benchi miguuni kwa mjusi. Nikamwambia Bibie kilichokuwa kooni mwangu tangu Februari. Kwamba naona aibu. Kwamba yeye anasoma na mimi napika. Akanijibu, "Huyu mjusi asingefika hapa bila wapagazi. Na mimi mtihani wa Machi nisingeuvuka kama ningekuwa nalala na njaa. Unanibeba wewe." Waandishi tunapenda maneno makubwa, lakini siku hiyo nilikosa hata moja. Nilijifanya naangalia dari.

Mama wa Matonge

Baada ya Berlin tulizunguka kadiri bahasha ilivyoruhusu. Tulifika Luxembourg, ambako tangu mwaka 2020 basi, tramu na treni za ndani ni bure kabisa, hata mgeni. Nilipanda na kushuka tramu bila sababu yoyote, raha tu ya kutodaiwa nauli na konda. Lakini safari iliyotuamulia maisha ni ya Brussels, Oktoba 2024.

Asubuhi tulipanda tramu namba 44 inayokatiza msitu mpaka Tervuren, lilipo jumba la makumbusho ya Afrika. Pembeni ya kanisa la mji ule kuna makaburi saba. Mwaka 1897, kwenye maonyesho ya mfalme Leopold wa Pili, waliletwa Wakongo 267 wakatazamwe na Wabelgiji kama wanyama. Saba hawakurudi, walifia hapo. Bibie aliokota majani makavu yaliyoangukia kaburi moja, akayaweka kando. Hatukupiga picha.

Mchana tukaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, umepewa jina la Matonge ya Kinshasa. Hapo ni Afrika tupu: saluni za kusuka, vitenge, samaki wa kukausha, kisamvu chao wanakiita pondu. Tukaingia kwenye kimgahawa, tunabishana kwa Kiswahili chetu juu ya bei, mara mama mwenye duka akageuka. "Munatoka wapi, batoto yangu?" Kumbe mtu wa Lubumbashi! Tukaambiwa tukae, sahani zikaja zimejaa kuliko tulichoagiza.

Nikamuuliza yuko pale tangu lini. Akajifuta mikono kwa aproni. "Mie nilikuyaka kwa myaka mbili tu, kusoma. Sasa ni myaka makumi tatu." Akacheka. Kisha akasema mama yake alizikwa yeye akiwa hapo, akatazama mazishi kwenye simu. Hakulalamika wala hakutoa nasaha. Alisema tu, kisha akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Kwenye basi la kurudi hatukuongea mpaka mpaka wa Uholanzi. Na mpaka wenyewe huuoni, hakuna askari wala kamba, ni kibao tu. Hapo ndipo Bibie akaniambia alichokuwa amekificha: sheria za kule humruhusu aliyehitimu kubaki mwaka mzima kutafuta kazi, na mwalimu wake mmoja amemtia moyo abaki. "Unasemaje?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Bibi yangu ana miaka themanini na mbili. Na Jangwani bado inajaa maji." Akaniegemea bega, kama kwenye ile tramu ya Scheveningen. Mjadala ukafungwa.

Tumerudi

Tulirudi Oktoba 2025. Sitawadanganya kwamba tumerudi na mshiko. Kiwanja hatujanunua, bodaboda zangu zimebaki historia, na ofisi ya Bibie ilimchukua miezi kumkumbuka yupo. Kuna washikaji wanasema sisi wajinga, watu wanazama baharini kutafuta huko tulikotoka kwa miguu yetu. Huenda wana hoja. Siku umeme unapokatika mara tatu hata mimi huikumbuka ile kadi ya treni.

Wiki mbili baada ya kutua tulikwenda Lindi. Bibi alitupokea, akamshika Bibie mikono yote miwili akamwambia, "Mke mwenzangu, umemrudisha mume wetu." Akamtengea kiti yeye, mimi nikaambiwa nikachote maji. Nikachota, tena nikiimba.

Zile bahasha tatu tumezitundika kwenye ukuta wa chumba chetu Tabata. Ya JUMAMOSI wiki hii ina elfu kumi na mbili. Inatosha nauli ya kwenda Kigamboni na kurudi, na mihogo miwili ya kukaanga. Mayai tutachemsha nyumbani.

Haya, wapenzi, tukutane toleo lijalo panapo majaliwa. Na wewe uliyenitumia ujumbe kuhusu dili la kuku, nimekusoma. Jibu ni mwezi ujao.